Mikia Sitini ya Kikaango

Anastasie aliimwaga ile chupa siku ya Jumamosi, saa nane na nusu mchana, kwenye shina la mgomba nyuma ya nyumba, na alipomaliza alishusha pumzi kama mtu aliyewahi kuzima cheche kabla haijashika paa. Saa tisa mama shemasi Pulchérie alikuwa anakuja na akina mama wa kikundi cha maombi. Anastasie alikuwa akifagia chumba cha binti yake Vanessa, fagio likagonga kitu chini ya kitanda, akainama, akavuta chupa ya lita mbili isiyo na karatasi wala jina, imejaa kitu cheupe kama maji. Akaifungua. Harufu ile hakuhitaji kuelezwa na mtu. Kwa miaka kumi na miwili ndiyo iliyomlisha yeye, mume na watoto.

Hakungoja kumuuliza mtu. Mwanamke aliyewahi kupika lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, hapa Baraka, kisha akaiacha, akabatizwa ziwani mbele ya umati, hana ruhusa ya kukutwa na pombe chini ya kitanda hata kama si kitanda chake. Watu wanasamehe, lakini hawasahau, na mama shemasi Pulchérie alikuwa na pua inayoweza kumtaja mtu aliyekunywa juzi. Kwa hiyo Anastasie alimwaga, akaisuuza chupa kwa sabuni, akaianika juani, kisha akatandika mkeka wa wageni.

Maombi yalikwenda vizuri. Pulchérie alisifu chai. Ilipogonga saa kumi, wageni wamekwisha kuondoka, Vanessa aliingia amebeba sanduku la mbao kifuani kama anabeba kitoto, uso umeungua kwa jua la ziwani, anacheka. Nyuma yake alikuja Docta Déogratias, mwalimu aliyetoka Bukavu, na Swedi, kijana wa familia ya Waislamu wa huko pwani ya ziwa, mwanafunzi mwenzake Vanessa. Walikuwa wametoka Ubwari kwa mtumbwi wa injini. Vanessa aliweka sanduku mezani, akamsalimu mama, akaingia chumbani. Kisha akatoka, na kicheko hakikuwapo tena.

"Mama, iko chupa niliachaga chini ya kitanda. Iko wapi?"

"Nilimwanga ku mugomba."

"Yote?"

"Yote. Na nilisafisha chupa." Anastasie alisimama na mikono kiunoni. "Ni mi njo nakuuliza. Pombe inafanya nini mu chumba ya mutoto wangu?"

Vanessa alikaa chini, palepale sakafuni.

Ikabidi Docta aeleze, na alieleza kwa upole, akiwa amevua kofia. Kwa wiki tatu alikuwa akiwafundisha wanafunzi wanane wa chuo cha Baraka namna ya kuchunguza viumbe vya kisiwani. Mbele ya rasi ya Ubwari kipo kisiwa kidogo cha mawe meusi ambacho wavuvi wanakiita Kikaango, kwa sababu mchana ukikanyaga pale bila viatu unaruka. Hakuna mti, hakuna kijito. Lakini mijusi ipo, tena mingi, na haijavuka maji kwa miaka isiyohesabika. Ndugu zao wa nchi kavu wanaishi kwenye vichaka vyenye kivuli. Wanafunzi walitaka kujua joto na kiu vimewafanya nini wale wa kisiwani, si kwa kutazama ngozi tu, bali ndani kabisa, kwenye vinasaba, yale maandishi madogo ambayo mtoto anayapokea kwa wazazi wake na ambayo Wakongomani wa shule wanayaita ADN. Kwa hiyo walikuwa wamekata ncha za mikia, thelathini ya kisiwani na thelathini ya nchi kavu, wakaziweka moja moja kwenye vichupa vyenye alcool, pombe tupu ya maabara. Mjusi hapungukiwi kitu, mkia unaota tena. Ila ncha ya mkia ina maji ndani yake, na maji yale yanaidhoofisha ile alcool. Kesho jioni lazima imwagwe na nyingine safi itiwe. La sivyo mikia inaoza, na maandishi yanaoza nayo.

"Na ile safi?" akauliza Eugène, mume wa Anastasie, fundi seremala, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na randa mkononi.

Wote walitazama dirishani, kule kwenye mgomba.

Vanessa ndiye aliyekuwa mlinzi wa mikia. Docta alimchagua yeye kwa sababu mlango wa maabara ya chuo haukuwa na kufuli, na baba yake alikuwa ametengeneza sanduku la mbao lenye kufuli zuri. Mlinzi akifikisha mikia salama, anakwenda nayo Bukavu kwenye maabara kubwa, miezi mitatu, kujifunza kuyasoma yale maandishi kwa mashine. Nafasi ilikuwa moja. Mikia ikioza, nafasi inakufa, na kazi ya wenzake saba inakufa nayo. Kurudi Kikaango haikuwezekana: mafuta ya injini yalikwisha, na mjusi aliyekatwa juzi hana mkia wa kukupa leo.

Ndipo Anastasie akauliza swali ambalo lilimuuma tangu mwanzo. Kwa nini chupa haikuwa na jina? Angeona jina angeuliza.

Vanessa alijibu akitazama miguu yake. Chupa ilikuwa na karatasi kubwa yenye neno ALCOOL kwa herufi nyekundu. Aliibandua Alhamisi kabla ya kupanda mtumbwi, kwa heshima ya mama yake, ili akiingia chumbani asilione neno lile akaumia. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na huyu binti alikuwa ameficha kwa upendo, lakini alikuwa ameficha. Anastasie alisikia huruma na hasira vikimpanda pamoja, asijue aanze na ipi, akaenda jikoni kupuliza makaa yaliyokuwa yanawaka tayari.

*

Swedi alichukua pikipiki akazunguka maduka yote ya dawa ya Baraka. Alirudi na chupa tatu. Moja ilikuwa ya buluu, nyingine ilinuka kafuri, ya tatu muuzaji mwenyewe hakujua ina nini. Docta alinusa, akatikisa kichwa. Vitu vilivyochanganywa humo ili watu wasinywe ndivyo vitakavyoharibu maandishi. Alipiga simu Uvira. Alcool safi ipo, walimwambia, lakini mto umechukua daraja tangu Alhamisi na mtumbwi wa mizigo utafika Jumatano. Aliikata simu akasema pole, akiwaambia wote na hasa akijiambia mwenyewe.

Anastasie alisikia yote kutoka jikoni. Maji yakimwagika hayazoleki, alilijua hilo tangu utotoni, lakini alilijua pia jambo jingine, na jambo hilo lilikuwa likimgonga kifuani tangu Docta alipotaja maji kudhoofisha alcool. Alifuta mikono kwenye kitenge, akatoka.

"Docta, ile alcool yenu, inapashwa kuwa na nguvu gani?"

"Ikipita makumi munane kwa mia, mama, tunapona."

"Lutuku ya hapa iko karibu na makumi ine. Ukiirudisha ku moto, inapanda. Mara ya tatu, inafika kwenye unasema."

Eugène aliweka randa chini. Kwa miaka kumi hakuwa amelisikia neno lutuku kinywani mwa mkewe, hata wakipita mbele ya wauzaji alisema "kile kitu." Vanessa aliinua macho. Docta alimtazama huyu mama mwembamba mwenye kitambaa cha kanisa kichwani, kisha akauliza, kwa adabu ya mtu anayemuuliza mwalimu mwenzake, kama anaweza kuipata safi, bila kitu kingine ndani.

"Nikipika mi mwenyewe, itakuwa safi. Lakini sina bomba ya kupoza mvuke."

"Bomba yako ilienda wapi?" akauliza Docta.

Hapo mume na mke walitazamana, na Eugène, ambaye si mtu wa kucheka ovyo, alianza kutikisika mabega. Maana siku Anastasie alipobatizwa alikabidhi vyombo vyake vyote kanisani viharibiwe. Pipa lilitobolewa kwa shoka mbele ya waumini. Lakini bomba la shaba, refu la mita mbili, nyoofu, zuri, Pasta Raphaël alilionea huruma. Akalipigilia ukutani nyuma ya mimbari na kulitundikia pazia, pale kwaya wanapobadilishia nguo. Miaka kumi lile bomba lilisikiliza mahubiri kila Jumapili, na hakuna aliyethubutu kulitaja.

*

Lutuku yenyewe ilipaswa kununuliwa kabla giza halijaingia. Swedi alijitolea. Anastasie alikataa: mtoto wa Kiislamu akionekana na bidoni, yaani dumu, ya lutuku atazitia aibu dini mbili kwa safari moja. Eugène naye alijitolea, naye akakataliwa, kwani hajui kuchagua. Akaenda mwenyewe, kitambaa cha kanisa kichwani hivyohivyo, bidoni ya lita ishirini mkononi, kwa njia kuu ya sokoni, saa kumi na mbili kasoro, wakati Baraka yote iko barabarani.

Kwa Marthe, mpika lutuku, walikuwapo wanaume saba. Mmoja, mvuvi mzee, alipomwona alikificha kikombe nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeiba sukari. Marthe alikuwa mshindani wake wa zamani. Waliwahi kugombana kwa ajili ya kuni, kwa ajili ya wateja, na mara moja kwa ajili ya kuku. Sasa alisimama mlangoni, mikono imekunjwa, amefurahi.

"Karibu, mama wa wokovu. Miaka kumi nilikuwa nakungojea."

Anastasie alihisi masikio yakimwaka. Angeweza kusema ni ya mgonjwa, au ni ya kusafishia vidonda. Alisema ukweli wote badala yake, akiwa amesimama, mbele ya wanaume saba: mtoto, mijusi, mikia, chupa aliyoimwaga. Alipofika kwenye mgomba Marthe alishika ukuta kwa kicheko. Halafu akakifuta kicheko usoni, akaichukua bidoni, akapita pipa lililokuwa mbele, akaenda kujaza kwenye lile la ndani, ambalo hauzi kwa mtu yeyote ila huliweka kwa ajili ya matanga ya watu anaowaheshimu.

"Hii sikutia kintu," alisema akiirudisha. "Mwambie mutoto asome."

*

Jumapili, wakati wa ushuhuda, Anastasie alinyoosha mkono. Alikuwa hajalala vizuri. Alipopita mbele aliona kila jicho na kila kofia. Alimtazama Pasta Raphaël, kwa sababu ni rahisi kumtazama mtu mmoja kuliko mia mbili.

"Pasta, minaomba ile bomba ya pazia. Minaomba mpaka magaribi tu."

Kanisa zima liligeuka kulitazama pazia. Kisha upande wa vijana mtu mmoja alikohoa kicheko, mwingine akafuata. Anastasie alisubiri kipite, akaeleza kama alivyoeleza kwa Marthe, bila kuruka kitu. Pasta alisikiliza akikuna kidevu. Jambo lilikuwa gumu, ilikuwa Jumapili, na lile lilikuwa bomba la kanisa. Akawageukia wazee, wazee wakatazama dari.

Mama shemasi Pulchérie ndiye aliyesimama. Watu wakajua mambo yamekwisha, maana huyu mama aliwahi kumtoa bwana harusi kanisani kwa sababu ya harufu ya bia. Alikuja polepole hadi mbele, akasimama karibu na Anastasie, hakumtazama.

"Kama ni kwa mafunzo ya mutoto, bomba iende," alisema. "Lakini na mi naenda nayo. Nitaikala pale mpaka mwisho, na hakuna muntu ataonja hata tone moja. Na watu ya kwaya leo bavae nguo zao ku nyumba."

Kwaya walilalamika. Pasta alichomoa misumari mwenyewe.

*

Saa sita mchana ua wa Anastasie ulikuwa umejaa watu kama siku ya posa. Wanafunzi wote wanane walikuwapo na madaftari. Eugène alikuwa ametengeneza kihori cha mbao usiku kucha kichwani na asubuhi nzima kwa mikono, cha kupitishia bomba ndani ya maji baridi, na hakikuvuja hata tone, jambo alilolitaja mara nne. Anastasie aliazima sufuria ya sherehe, akaijaza lutuku ya Marthe, akafunika, akaziba kila mwanya kwa bukari, ugali wa muhogo uliopondwa laini, akibonyeza kwa dole gumba. Aliwaambia wanafunzi wasilete moto wowote karibu na mdomo wa bomba. Halafu akapiga magoti kwenye kuni, na mikono yake, ambayo alidhani imesahau, ilikuwa inakumbuka kila kitu. Alifurahi. Aliogopa kwamba anafurahi, kisha akaacha kuogopa.

Pulchérie alikalia kiti pembeni ya mdomo wa bomba, mkoba mapajani, kama askari wa benki. Swedi alimwonyesha kile kipimo cha kioo ambacho Docta alikuja nacho, kinachoelea na kusema nguvu ya alcool. Mama shemasi hakukitazama. Matone ya kwanza yakaanza kuanguka kwenye kikombe. Anastasie akanyoosha mkono achukue, lakini mkono mwingine ulikuwa umewahi. Pulchérie alikinyakua kikombe, akamwaga chini.

"Hii ni kichwa," alisema. "Inaua macho. Tunangojea ya katikati."

Ua mzima uligeuka kumtazama. Vanessa aliacha kuandika. Anastasie alimkodolea macho mama shemasi, na mama shemasi akatengeneza mkoba wake mapajani, akavuta kitambaa, akasema, kana kwamba anazungumza na kihori, kwamba mama yake mzazi alisomesha watoto sita kule Fizi, na hakuwasomesha kwa kuuza maji.

Aliyecheka kwanza alikuwa Anastasie. Alicheka hadi akakaa chini kwenye kuni, na Pulchérie, baada ya kupigana na mdomo wake kwa muda, alishindwa, akacheka kwa sauti ambayo hakuna mtu kanisani aliwahi kuisikia, nene na ya chini. Kuanzia hapo walifanya kazi wawili. Mmoja alichunga moto, mwingine alichunga maji ya kihori yasipate moto, na waligombana kama ndugu wa tumbo moja juu ya kuni mbichi.

Mzunguko wa kwanza ulipokwisha Anastasie alitia kidogo kwenye chupa, akaitikisa mbele ya jua, akatazama mapovu yanavyopasuka. Akasema makumi sita na tano. Docta akatumbukiza kipimo: sitini na sita. Mzunguko wa pili akasema sabini na saba. Kipimo kikasema sabini na saba. Docta aliandika kwenye daftari lake, akakitazama kile kipimo chake kilichonunuliwa Ulaya, akakirudisha mfukoni.

Wakingoja mzunguko wa tatu, Anastasie alimuuliza bintiye hasa wanachokitafuta kwa mijusi. Vanessa akaeleza: wanataka kujua mijusi ya Kikaango imebadilikaje ili kuvumilia joto. Anastasie akafikiri, akisukuma ukuni.

"Sawa. Lakini ilibadilika, ao ile isiyoweza ilikufa?" Akaendelea. "Angalia muhogo. Kolo, ile ugonjwa ya muhogo, ilipokuja ikakausha majani, muhogo haikujifunza kitu. Ile zaifu ilikufa. Tulipanda miti ya ile ilibakia, na leo shamba lote ni batoto yake. Ukikuja leo utasema muhogo ya Baraka ilibadilika."

Docta Déogratias alisimama. Akawauliza wanafunzi wanane kama wamesikia. Akasema wiki tatu amekuwa akijaribu kuwafikisha kwenye swali hilo. Ipo njia moja, ambayo mjusi yuleyule akipigwa na joto anaamsha vinasaba vilivyokuwa vimelala, na jua likitua vinalala tena. Na ipo njia ya mama, ambayo waliozaliwa tofauti ndio waliobaki. Kazi yao yote ni kujua mijusi ya Kikaango imefuata ipi, au zote mbili. Wanafunzi wakaandika. Swedi akauliza kama aandike "njia ya mama," Docta akasema ndiyo, aandike hivyohivyo.

Saa kumi na moja mzunguko wa tatu uliisha. Ilibaki lita mbili pungufu kidogo. Anastasie akatikisa, akatazama, akatikisa tena. Safari hii hakusema namba. Alimpa Vanessa, kwa maana sasa haikuwa mchezo. Vanessa akaimimina kwenye bilauri ndefu ya kioo, akatumbukiza kipimo, kikazama, kikapanda, kikasimama.

"Makumi munane na tano," alisema Vanessa.

Eugène alipiga kofi moja, peke yake, kisha akaona haya. Wanafunzi wakamaliza kazi aliyoianza. Jua lilipokuwa likigusa milima ya Bibokoboko, Vanessa alikuwa amekaa mezani na wenzake, anabadilisha alcool kichupa baada ya kichupa, sitini, na mama yake amesimama nyuma ya kiti chake bila kugusa kitu. Kichupa cha mwisho kilipofungwa, Pulchérie alikichukua kile kilichobaki, kama kikombe kimoja, akatoka nje akakimwaga mwenyewe. Alikuwa ameapa, na yeye akiapa ameapa. Halafu akarudi akala bukari na ndagala, dagaa wa ziwani, pamoja na wengine hadi sahani ikang'aa.

*

Vanessa aliondoka Baraka na sanduku lake Ijumaa, kwa mtumbwi wa Uvira. Mwezi wa kwanza alipiga simu mara mbili, akisema tu kwamba kuna baridi na kwamba mashine zina kelele. Mama yake hakuuliza habari za mikia. Alikuwa anaogopa kuuliza. Makumi munane na tano ni ya kipimo, lakini nani anajua lutuku ya matanga inafanya nini ndani ya mkia wa mjusi? Alipunguza usingizi, alipunguza chumvi kwenye mboga, akaongeza maombi.

Simu ya tatu ilimkuta Jumanne asubuhi barabarani karibu na soko, beseni la mihogo kichwani, pikipiki zinampita huku na huku. Alishusha beseni, akaziba sikio moja kwa kidole.

"Mama, tulimaliza kusoma mikia," alisema Vanessa.

"Na?"

"Makumi tano na munane yote iko muzuri. Mbili njo ilikataa, na Docta anasema mbili inakataaga hata na alcool ya Ulaya."

Anastasie aliomba arudie, na Vanessa akarudia. Akamwambia pia kwamba mijusi ya kisiwani ina tofauti, walishaiona, sehemu zile zile zinazoshughulika na joto, ila bado hawajui ni njia ipi, wanatafuta. Wataalamu wa pale walipoona namna maandishi yalivyo safi walitaka kujua alcool ilitoka wapi. Kuna karatasi ya kujaza, kila kitu lazima kiandikwe: nani alikata mkia, siku gani, saa gani, na alcool ilitengenezwa na nani. Karatasi hiyo inafuata mikia daima. Hata miaka hamsini ikipita, anayelifungua sanduku ataisoma.

Anastasie alimwona akilini binti yake amekaa katikati ya wasomi wa Bukavu wenye makoti meupe, na kalamu mkononi, na yale maneno yanamngoja. Hakutaka kumtwisha mtoto mzigo.

"Uliandika farmasi," alisema. "Si mubaya. Andika farmasi."

"Apana."

"Uliandika nini sasa?"

"Niliandika jina yako."

Pikipiki ilipita, ikapiga honi. Anastasie aliisogeza simu kwenye sikio la pili.

"Jina yote?"

"Yote, mama. Anastasie, wa Baraka. Pale banauliza kazi, niliandika: mupishi wa alcool. Mukubwa wa hapa alisoma, akaniuliza kama ni kweli. Nilimwambia ni mama yangu. Docta anasema mu kiangazi anarudi na wanafunzi kumi na mbili, na anataka ubafundishe."

Anastasie alikaa chini kando ya barabara, kwenye vumbi, na kitenge chake safi. Alilia, na wakati uleule alicheka, na mwanamke aliyekuwa akipita na ndoo ya ndagala alisimama kumuuliza kama kuna msiba. Alitikisa kichwa. Aliiacha mihogo yake pale pale ilipo, akatembea haraka, kisha akakimbia, mama wa miaka hamsini na mbili, kiatu kimoja kikimtoka njiani, akaingia nyumbani kwa mama shemasi Pulchérie bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuna mtu wa Baraka aliyewahi kulithubutu.